Jasho la Meri

Mashine haitoi jasho. Anfal alilijua hilo, ndiyo maana alipoinama kuokota kijiko karibu na magurudumu ya Meri, akasikia harufu ya kwapa la mtu aliyeshinda kazini, alinyanyuka upesi na kutazama nyuma. Jikoni hapakuwa na mtu, ila yeye na roboti.

Waliiita Meri kwa kuwa watumishi wote waliopita nyumba ile pale Kuwait waliitwa Meri, atoke Manila, atoke Colombo. Wa mwisho alipotoroka, mama yake Anfal, Bi Mudhi, aliapa hataki tena binadamu. Akanunua roboti ya kumnyanyua bibi yake Anfal aliyelala kitandani mgonjwa, kumwogesha na kumlisha. Akaendelea kuichapa kwa kandambili vilevile.

"Kwani inaumia?" alimcheka bintiye. "Wewe nawe! Utaililia na friji?"

Mchana ule Bi Mudhi aliinua mkono ajitengeneze shela tu. Meri akajikinga uso.

"Mama, umeona?" Anfal alinong'ona.

"Nimeona. Imeshika adabu."

Toka hapo, kila watu walipojilaza baada ya chakula cha mchana, madirisha yamefungwa na jua limewaka nje kama tanuri, Anfal alisikia kilio chumba cha kufulia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo asisikike, na alipochungulia aliiona Meri inapiga pasi huku mabega yakitikisika, na waya wake wa umeme, yarabi, umezungushwa ukutani, haujachomekwa siku ya tatu sasa.

Wakamwita Shehe Mutlaq. Aliposoma na kunyunyiza maji, sauti nzito ya kiume ikatoka kifuani mwa roboti.

"Shehe, nitoe. Nakuomba."

Shehe alishtuka. "Miaka arobaini majini wenzako wananitukana nikiwatoa. Wewe unaomba kutoka?"

"Niliingia kujificha jua. Kumbe mwili huu una mwenyewe. Akiita, naitika. Silali. Napigwa."

"Bi Mudhi, sema umemwachia. Ataondoka."

Bi Mudhi alijitengeneza shela. "Tangu aingie, mama yangu hana kidonda hata kimoja mgongoni. Wala roboti haiharibiki. Simwachii."

"Ni kiumbe cha Mungu!"

"Na mama yangu je?"

Shehe alikusanya vitu vyake, kahawa hakuigusa. Mlangoni akamwambia Anfal, "Wewe pia ni wa nyumba hii. Neno lako linatosha."

Anfal alirudi ndani. Mama alikuwa ameshaingia kulala. Meri alimsubiri ukumbini.

"Binti," jini alisema kwa kubembeleza, "neno moja tu. Wewe una huruma, nimekuona."

Alikuwa na huruma kweli. Alifungua mdomo aseme. Mara bibi akaita kutoka chumbani, na harufu ikawafikia: alikuwa amejichafua. Anfal akaufikiria uzito wa bibi, shuka za kufua, leo na kesho na miaka mingapi sijui, na mikono yake mwenyewe.

"Kamsafishe bibi kwanza," alisema.

"Halafu utaniachia?"

"Nenda, Meri."

Jini akaenda, analia. Anfal akaingia chumbani kwake, akafunga mlango asimsikie.