Kioo Kwenye Ufa wa Mama Vifungo

Majirani zangu, mtaa wetu mnaujua. Nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, wa nyumba ya pili anakuombea afya. Nyumba ya kona ni ya mshonaji tunayemwita Mama Vifungo. Kila asubuhi hufungua dirisha, huweka chai karibu na cherehani, kisha hushona huku akiimba vibaya sana. Tumemzoea, na siku asipoimba tunaenda kumjulia hali.

Hatua moja kutoka ukuta wake kipo kiwanja cha Kibonge. Mama yake Kibonge alikuwa muuguzi wa zamu, kwa hiyo mtoto alilishwa, akaogeshwa na kuchapwa upande wa pili, kwa Mama Vifungo. Siku hizi ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, na mwaka jana aliamua kujenga ghorofa lenye maegesho ya magari chini ya ardhi.

Mhandisi alimweleza wazi kwamba shimo lichimbwe kidogo kidogo, na kila upande ukingwe kwa vyuma na mbao kabla ya kushuka zaidi. Kibonge alikinga pande tatu. Upande wa nne, wa Mama Vifungo, aliuacha kwa sababu ndiko katapila lilikopita, na mvua zilikuwa karibu.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Wiki ijayo nitakinga. Kwani atanishtaki?"

Mhandisi alinung'unika, kisha akalegea, na hapo alikosea. Alikwenda chumba cha nyuma cha Mama Vifungo, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa mwembamba kwa plasta.

"Mama, kikivunjika ujue nyumba imesogea. Mwambie Kibonge siku hiyohiyo, katapila lisimame."

Siku ya tatu kioo kilivunjika. Mama Vifungo alifagia vipande, akabandika kingine alichokitoa kwenye kabati bovu. Nilimkuta mikono imejaa plasta, nikamuuliza kulikoni.

"Usiniharibie," aliniambia. "Mwanangu anajenga. Nikisema, kazi itasimama, na watu watasema namwonea choyo. Nyumba yangu imezeeka tu, kama mimi."

Nami, naona aibu kuwaambia, nilicheka na kwenda zangu. Mhandisi alipopita aliona kioo kizima, akaridhika. Wiki ijayo ikaja na wiki nyingine ijayo, shimo likazidi kwenda chini.

Kilichotuokoa ni mlango. Mlango wa chumba cha nyuma ulianza kukwama, na seremala wetu, mzee asiyependa maneno, aliitwa kuupiga randa. Baada ya siku nne aliitwa tena. Alipoitwa mara ya tatu hakugusa randa. Alitoa timazi, ule uzi wenye risasi, akauning'iniza kwenye fremu. Juu uzi uligusa mbao. Chini ulikaa mbali nayo kwa vidole viwili.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Nyumba ndiyo inayokwenda shimoni. Dada, toka nje."

"Ngoja nimalize pindo hili."

"Toka na pindo lako."

Alimshika mkono, akamleta kwangu, kisha akaenda kusimama mbele ya katapila hadi dereva akazima. Kibonge alikuja mbio, jasho linamtiririka. Alisimama mlangoni mwa chumba kile, akakitazama kioo. Kilikuwa kimevunjika tena katikati, na pembeni kilikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha. Alama ile aliijua. Aliiweka mwenyewe akiwa na miaka mitano, juu ya kioo cha fremu ya picha yake; vioo vya kabati vilikuwa vimemwishia Mama Vifungo.

Alirudi shimoni, akaamuru udongo urudishwe wote kando ya ukuta ule, na mwenyewe, pamoja na kitambi chake, akashika koleo. Kabla ya jioni kona ya chumba cha nyuma ilidondoka, matofali na vumbi, juu ya kitanda alichokuwa akilala Mama Vifungo. Udongo uliorudishwa ndio uliozuia nyumba nzima isifuate.

Nilikuwepo Kibonge alipopiga magoti mbele yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nawe kwa nini hukukinga?"

Wakalia wote wawili, nami nikalia kwa sababu zangu.

Mama Vifungo aliishi kwa Kibonge miezi minne, akimkosoa namna ya kufua. Pande zote zilikingwa, kona ikajengwa upya, vioo vikabandikwa saba. Siku hizi akiona hata utando wa buibui ukutani anampigia simu, na yule bwana huacha kikao na kuja kuutazama.

FUNZO

Ndugu zangu, anayechimba shimo refu mjini amebeba nyumba ya jirani mikononi. Kinga ukuta kwanza, ndipo uchimbe, na usimpunguzie mtu ulinzi kwa sababu anakupenda. Nawe unayeishi kando ya shimo, ukiona ufa, sema. Kumfichia mwanao kosa lake nusura kumfanye alale maisha yake yote akiwaza kitanda kile. Na sisi tunaopita na kucheka, tuulize mara ya pili. Mimi sikuuliza, na kila asubuhi ninaposikia wimbo ule mbaya dirishani, nashukuru kwamba bado upo.