Meli Iliyobadili Jina

Tegueni hiki: hubadili jina kama shati, lakini namba yake haivui. Jibu mtalipata humu humu.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa amechoka kuzungushwa. Mwanawe wa kwanza alipata kazi kwenye meli ya uvuvi. Wakala aliyempatia kazi hiyo akachukua pasi yake ya kusafiria, eti amtunzie. Miezi minne kimya. Kisha ukaja ujumbe kwa simu ya kuazima: hawapumziki, na kushuka hawaruhusiwi.

Ofisi ya kwanza ilimwambia mama meli si ya nchi hii. Ya pili ikamrudisha kwenye ya kwanza.

Jirani yao alifanya kazi bandarini, akizungumza na meli kwa redio. Alipozisikia habari hizo, alikuja.

"Meli inaitwaje?"

"Nyeupe," baba wa kijana akajibu.

"Shemeji, zote nyeupe. Nauliza jina."

Mama akasema yapo mawili. Kabla kijana hajaondoka, wakala alimpa oda ya kushona jina la meli kwenye ovaroli kumi na mbili. Baadaye alizirudisha zote, akataka lifumuliwe, lishonwe jingine. Mama alinung'unikia uzi wake tu. Sababu hakuuliza.

Jirani akashika kichwa. Akaeleza kuwa kudanganywa kazi, kunyang'anywa pasi na kuzuiwa kuondoka ni usafirishaji haramu wa watu. Meli za namna hiyo hubadili jina zisifuatiliwe. Lakini meli kubwa ina namba ya tarakimu saba, isiyobadilika hata ikiuzwa. Kwa namba hiyo nchi huulizana: ile ambayo meli hupeperusha bendera yake, yenye bandari, na waliyotoka mabaharia.

Sasa, fundi huyu huhifadhi kila kielelezo cha kazi. Alivuta kopo la vifungo, akatoa picha aliyopewa na wakala ili anakili herufi. Ilikuwa ya nyuma ya meli. Chini ya jina, tarakimu saba.

"Dada, umeikalia muda wote huu?"

"Nani aliniuliza?"

Waliipeleka polisi, kwenye kitengo cha makosa hayo. Polisi wakawasiliana na wenzao ng'ambo. Wiki ya tatu meli iliingia bandari ya mbali kuchukua mafuta. Wakaguzi wakapanda. Vijana tisa wakashushwa, na huku kwetu wakala akatiwa mbaroni.

Kijana alirudi amekonda, lakini alirudi. Siku hizi anayekwenda baharini hupitia kwanza kwa mama. Humwonyesha mkataba, humwachia nakala ya pasi. Mama humshonea namba ya meli ndani ya kola, na kitambaa cha pili chenye namba hiyo hukitia koponi.

"Na jina la meli je?" mmoja alimwuliza.

"Jina waachie wenyewe. Nipe namba."