Daraja Lililosukwa Saluni

Kila siku baada ya shule, Victoire alipitia saluni ya Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ambako mama yake, Mama Marthe, alisuka nywele mpaka vidole vikaomba likizo. Victoire alifagia, akaokota vitana, akaonja maandazi ya wateja waliosinzia.

Wiki hiyo alikuwa na kazi ya somo la ufundi. Mwalimu Nomsa alikuwa amesoma kuhusu Wanavajo, wenyeji wa Marekani, ambao watoto wao hufundishwa uhandisi kwa kuanzia kazi za wazee wao.

"Nasi tufanye hivyo," alisema. "Jengeni daraja la kubeba tofali kwa ujuzi wa nyumbani kwenu."

Victoire aliona haya. Kusuka nywele nako ni ujuzi? Akajitapa, "Mjomba wangu Octave ni mhandisi pale Marshalltown, katikati ya jiji. Atanielekeza!"

Kumbe Mjomba Octave alikuwa mlinzi. Wahandisi aliwajua kwa kuwafungulia mlango.

Victoire akasuka peke yake kamba mbili za mifuko ya plastiki, akazining'iniza kati ya madawati mawili, akalaza ubao juu yake. Jumatano tofali likawekwa. Pwaa! Kamba ikakatika, tofali likakikosa kidogo tu kidole cha mguu cha mwanafunzi mwenzake, Sipho.

"Eish! Mjomba wako kajenga madaraja gani?" Sipho alifoka. "Mimi nitazunguka njia nyingine!"

Darasa likaangua kicheko.

"Jaribu tena Ijumaa," alisema Mwalimu Nomsa. "Likianguka, wazazi hawataliona kwenye maonyesho ya shule."

Jioni Mama Marthe aliikagua kamba kama kichwa cha mteja.

"Binti yangu, nyuzi zote tatu umeziunga mahali pamoja! Nikimwongezea mteja nywele hivi, si zitachomoka zibaki kwenye teksi? Unga uzi mmoja hapa, wa pili mbele, wa tatu mbele zaidi. Penye fundo la mmoja, nyingine mbili zinashika."

Victoire akafumua zote, akasuka upya.

Ijumaa tofali lilikaa. Sipho akaongeza la pili. Kamba zikalia kidogo, zikashika.

"Mjomba mhandisi oyee!" Sipho akapiga kelele.

Ingetosha kutabasamu tu. Lakini Victoire akasema, "Si mjomba. Yeye ni mlinzi. Nilidanganya kwa kuona haya. Aliyenifundisha ni mama, msusi."

"Yaani tofali limebebwa na mtindo wa nywele?" Sipho aliuliza. Wote wakacheka, na Victoire pia.

"Mhandisi hutazama kilichokatika, akamuuliza anayejua, akarekebisha," alisema Mwalimu Nomsa. "Na aliyekufundisha usimfiche, mtaje kwa fahari, maana kazi halali haina aibu. Jumatatu mwalike Mama Marthe atufundishe. Sipho, utatuazima kichwa cha kusukia."