Pikipiki ya Marehemu Ishaka

Pikipiki ya marehemu Ishaka ilitoweka siku ya hitima yake. Wanaume walikuwa msikitini wakisoma, wanawake jikoni wakipakua. Waliporudi, banda la uani lilikuwa tupu.

Inspekta Faraj wa kituo cha Likoni aliijua pikipiki hiyo. Nani hakuijua, mwaka ule wa 1962? Ilikuwa ya Kitaliano, nyekundu, magurudumu yake yana meno manene, kwenye lami inakwenda na kwenye njia za mchanga inakwenda. Ishaka, karani wa bandarini, hakuikimbiza hata siku moja. Kila Jumapili aliipanda taratibu hadi Tiwi, akisimama njiani kuamkia wazee. Jumapili iliyopita alikutwa kando ya barabara, amekufa, pikipiki imelala ubavuni mwake. Jamaa walimsihi Faraj awaachie wamzike mapema. Faraj akawaruhusu. Daktari hakumwona maiti.

"Ni Baya," alisema Rashid, mdogo wa marehemu. "Ndiye fundi aliyemtengenezea breki. Breki zimemuua kaka yangu, sasa kaiba pikipiki kuficha kazi yake mbovu."

"Umemwona?"

"Nitamwonaje nami niko msikitini? Lakini nani mwingine?"

Baya alikamatwa jioni ile ile.

"Ulikuwa wapi wakati wa hitima?"

"Nyumbani. Nilikwenda, Rashid akanifukuza mlangoni."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Tangu msiba aniita fundi wa toroli."

"Breki ulizitengeneza?"

"Nilizitengeneza, na zilishika. Itafuteni hiyo pikipiki, afande, muijaribu. Naitaka kuliko nyinyi nyote."

Faraj alifunga mlango wa seli, lakini maneno yale hayakumtoka. Mwizi hamsihi polisi aitafute mali aliyoificha.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Mahfudh, aliyemwosha Ishaka.

"Shikamoo, mzee. Uliona nini mwilini mwa marehemu?"

"Marahaba. Siri ya maiti haitoki kwangu, hata uniite kortini."

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya kifo hiki. Nikimshtaki, atafungwa."

Mzee aliijua sheria ya kazi yake. Mwosha hufunika ubaya alioukuta. Wema aliouona, ana ruhusa ya kuutaja.

"Basi nitakwambia lililo zuri. Alikuwa safi, wallahi, kama mtu aliyejipumzisha. Hana jeraha, hana hata mkwaruzo."

"Mbona hukuwaambia wenyewe?"

"Hawakuniuliza. Rashid alishindwa kuingia, alikuwa alia. Mama yake alimuona keshavikwa sanda."

Faraj alirudi nyumbani kwa marehemu akitembea polepole. Mtu akianguka na pikipiki barabarani, lazima achubuke. Ishaka hakuanguka. Basi Baya alikuwa na nini cha kuficha?

Mwanatatu, mama yao, alikuwa barazani. Faraj alimwamkia, akapita nyuma ya banda pamoja na Rashid na askari wawili wa kituoni. Mchanga ulikuwa umefagiliwa vizuri, alama za ufagio zikapita mwisho wa uwanja, zikafika mpaka kwenye kisima cha kale kisicho na ukingo.

"Hapa mwateka maji?"

"Hatuteki," alijibu Rashid. "Tangu tupate mfereji wa maji nyumbani, hapa haji mtu."

"Na nani afagia njia isiyopitwa na mtu?"

Rashid aliinama kuchungulia kisimani. Askari walitupa kulabu ndani, wakavuta kamba. Pikipiki ilipanda ikichuruzika maji. Walipoisimamisha, Faraj aliminya breki.

"Sukuma."

Rashid alisukuma kwa nguvu zake zote. Magurudumu hayakuzunguka.

"Yashika," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwachieni Baya." Mwanatatu alikuwa amesimama nyuma yao. "Ni mimi."

"Mama!"

"Nyamaza, Rashid. Udongo wa kaburi la kaka yako haujakauka, nawe ushaipanda pale bandani, umeshika usukani wacheka. Nikasema, imenilia mmoja, huyu wa pili haimpati. Mulipokwenda msikitini niliisukuma mwenyewe, nikafagia alama."

"Na Baya, mama?" aliuliza Faraj.

"Baya na Ishaka walikuwa wakila sahani moja humu ndani. Nilijua hakuiba. Kila nikifungua mdomo niseme, nikawaza: nikisema wataiopoa, na ikiopolewa Rashid ataipanda."

Faraj alivua kofia.

"Mama, pikipiki haikumuua mwanao. Hakuanguka. Mwili wake haukuwa na mchubuko. Pengine ni moyo: aliisimamisha pikipiki, akalala. Lau ningemwita daktari siku ile, ungelijua hili kabla."

Mwanatatu alimtazama, akaitazama pikipiki, kisha akakaa chini pale pale mchangani.

"Kwa hivyo nimemtia mtoto wa watu ndani bure."

"Namwachia sasa hivi," alisema Faraj.

Mwanatatu alikataa kungoja nyumbani. Alikwenda kituoni kwa miguu, na Baya alipotolewa seli alimshika mikono yote miwili.

"Niwie radhi, mwanangu."

Baya aliiacha mikono yake ishikwe.

"Nimekuwia radhi, mama. Kaburi la Ishaka nitalizuru, na ukiwa na shida inayotaka fundi, nitakuja. Lakini usiniite 'mwanangu' tena."

Akatoa mikono yake polepole, akamuaga kwa heshima, akaenda zake.