Mkwe Aliyetangulia na Kibuyu

Njia ilipogawanyika mbele kidogo ya Segera, Mhina hakuonekana tena. Bi Chausiku akasimama, akapangusa jasho kwa ncha ya kaniki, akasikiliza. Kimya. Hata kwale hawakulia.

Huyo Mhina ni mkwewe, mume wa binti yake Fatu. Mjerumani alikuwa amempa ruhusa kwenye kazi ya reli pale Korogwe, naye akasema, twendeni Kwaluguru kwa ndugu, tukapumzike, tule mahindi mabichi. Lakini mtu hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake. Basi tangu alfajiri alitangulia mbali, hageuki nyuma, kibuyu cha maji kikining'inia begani.

"Tushike kushoto," Fatu akasema. "Nyayo zake hizi."

Wala hazikuwa zake. Jua likianza kuinama, njia ikafia kwenye bwawa lililokauka, tope lake limepasukapasuka kama visigino. Ukingoni palikuwa na mzoga wa swala, damu bado mbichi. Chausiku akaruka nyuma; mguu ukazama kwenye ufa, kifundo kikalia ko!

"Simama, mama."

"Nisimame kwa mguu wa nani?"

Fatu akaita mpaka sauti ikamkauka. Ulimi wa mama yake ulikuwa mzito kama kipande cha ngozi. Ndipo kichakani mtu akakohoa.

"Fatu! Njoo uchukue maji. Mimi sisogei, mkwe yupo hapo."

Wakanywa. Fatu akajaribu kumbeba mama yake, wakaanguka wote wawili. Ng'ambo ya bwawa kitu kikaguna, taratibu, kikanyamaza.

"Mwambie mumeo aje anibebe."

"Mama! Mkweo?"

"Kwani simba ataniuliza habari za ukwe?"

Akajifunika kaniki usoni. Mhina akaja kinyumenyume, akachutama, akambeba mgongoni. Wakaondoka. Wakienda, nyasi za nyuma zinachakarika. Wakisimama, nazo zinatulia. Gizani mwa ile kaniki Chausiku hakuona kitu. Alisikia tu moyo wa mkwewe ukidunda chini ya kifua chake, na pumzi yake ikikatika kila penye mwinuko.

Kwaluguru waliwakuta wanawake wanasonga ugali. Mmoja alipoona mkwe yuko mgongoni mwa mkwe, mwiko ukamponyoka. Mhina akamtua mzigo wake mkekani, akainamisha kichwa, akaanza kujiondokea kwa aibu.

Chausiku akaivuta kaniki, akaitupa pembeni.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Nikuone."

Polepole, Mhina akageuka.