Msomaji wa Kiti cha Kulia

Simu ya rubani ilikuja jua likiwa limebakiza kiganja kimoja juu ya miti. Andaa ndege, tunakuja na mgonjwa, tuwe tumeruka kabla ya giza. Uwanja wetu hauna taa. Ni ukanda wa changarawe, banda la mabati, na mimi.

Mgonjwa mwenyewe ni dada yangu, yule ninayemfuata kuzaliwa. Mimba ya miezi minane, damu inatoka tangu mchana, na hospitali yenye chumba cha upasuaji ni mwendo wa saa sita kwa barabara. Kwa ndege, dakika hamsini.

Na fundi ni mimi. Msicheke. Shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani kabisa. Yenyewe haikunitafuta, nami sikuitafuta. Lakini ile injini ya pistoni nne naifungua na kuifunga huku nakuhadithia mpira. Waliosoma wananiita Mdomo. Ndege zao zikianza kukohoa, wananiita fundi.

Ila siku ile Mdomo alikuwa hoi. Mjomba, fundi mkuu na mwalimu wangu, mgongo ulikuwa umemlaza kitandani, kazi zote zikaniangukia mimi. Usiku wa tatu sijalala nikashiba. Macho kama yametiwa mchanga. Mikono ilikuwa inafanya kazi, mwenyewe nilishaondoka zamani.

Sasa ninyi mnaopanda na kujifunga mkanda tu, niwafundishe bure. Ndege haikaguliwi kwa kichwa. Kuna orodha. Mmoja anasoma, mwenzake anagusa kitu na kujibu. Msomaji haendi mstari wa pili mpaka ajibiwe ule wa kwanza. Na mjomba alikuwa na sheria yake ya ziada juu ya ndege yetu, ile nyeupe: usiikague peke yako, hata kama anayesubiri ni mfalme. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akaniambia kagua tairi.

Jioni ile nilikuwa peke yangu. Mlinzi nilimtuma mwisho wa uwanja akafukuze mbuzi.

Nikaizunguka. Pangaboi, halina ufa. Oili, kijiti kinasoma sawa. Tairi. Tangi la bawa la kulia nikalichuruza kwenye kikombe cha kioo: petroli ya bluu, safi, hakuna tone la maji chini. Tangi la bawa la kushoto...

Nikalitazama tu.

Nililijaza mwenyewe juzi. Kuinama tena, mwili ulikataa. Nikatia alama ya ndiyo kwenye karatasi, nikapanda.

Nikawasha injini. Hapo unashika breki, unaipandisha mpaka mabati ya banda yanatetemeka, unaangalia mishale mmoja mmoja. Karatasi mapajani, mistari inaingiliana. Nikafumba macho kidogo. Kidogo tu...

"Breki."

"Imeshikwa," nikajibu.

Ndiyo, nilijibu. Mtu aliyechoka hujibu.

"Presha ya oili."

"Sawa."

"Magneto ya kushoto."

Nikageuza ufunguo wa cheche za injini, ngurumo ikashuka kidogo kama inavyotakiwa, nikajibu. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, taratibu, ya mtu aliyeifanya kazi hii mara elfu. Nikashukuru moyoni. Nilidhani mjomba kajikongoja kuja kunisaidia.

Ndipo nikakumbuka kwamba injini inawaka. Ndani ya ndege ile, injini ikiwa juu namna hiyo, mkitaka kusikizana ni kupiga kelele mpaka koo likauke.

Sauti hii ilikuwa inanong'ona.

Na harufu ikaja. Kitambaa kilicholala majini siku nyingi...

Sikugeuka kulia, kwenye kiti cha pili. Niiteni mwoga, ninyi mlikuwa kwenu mnakula.

"Mafuta."

"Safi," nikasema.


"Mafuta."

"Safi. Matangi yote."

"Mafuta."

Hakupandisha sauti. Hakukasirika. Alirudia tu, kama mwalimu anayejua kwamba daftari hukuliandika. Nikazima injini, nikaruka chini, nikakitia kikombe chini ya bawa la kushoto. Kikajaa. Hakikuwa na bluu hata kidogo.

Maji matupu.

Nilichuruza vikombe vitano ndipo bluu ikarudi. Yale maji yangeifikia injini wakiwa juu ya miti, dada yangu amelala nyuma. Nikakaa chini ya bawa kama mtu aliyekuja mapumziko.

Nikarudi. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nikawasha tena, nikasema asante kwa sauti, maana mama alitulea na adabu. Taa za gari zikatokea mwisho wa uwanja.

"Watu."

Huo ndio mstari wa mwisho. Unataja idadi, kwa ajili ya uzito. Rubani, nesi, dada.

"Watatu."



"Watu."

"Watatu."

Gari limeshafika. Milango inafunguliwa, nesi ananiita, dada anaugua kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Giza linashuka. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nataka mjue nilivyochoka.

"Watu."

"Nimeshasema watatu," nikamfokea.

Safari hii alisubiri kidogo, kama anayenipa nafasi.

"Imejibiwa."

Tukamlaza dada kwenye godoro nyuma. Rubani akauliza swali lake la siku zote, kwamba nani kasoma. Nikasema mjomba. Akauliza kama mgongo umepona, nikasema umepona, na hakuwa na muda wa kunichimba. Nesi alitaka kukaa mbele. Akaweka mkono kwenye kiti cha kulia, akauondoa haraka.

"Nani katoka hapa? Kina joto."

Nikamwambia ni jua. Jua lenyewe lilishazama. Akaenda kukaa sakafuni, karibu na mgonjwa wake.

Dada akanishika kidole. "Mdomo, umeikagua vizuri?"

"Dada, humo hata mbu hajapanda bila mimi kumjua."

Akacheka, akauma mdomo. Wakaruka.

Ndege ilirudi siku ya tisa. Nilikuwa nimesimama kwenye changarawe. Akashuka rubani. Akashuka nesi. Akashuka dada, polepole, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Watatu.

Jioni hiyo nilimweleza mjomba, amelala kifudifudi nikimkanda mgongo. Hakushtuka. Akasema kile kiti kilinunuliwa kimetumika, kutoka kwenye ndege iliyoanguka mtoni na wote waliokuwemo. Msomaji aliyekikalia alisoma, akajibiwa na mtu aliyechoka. Nikamuuliza kwa nini basi anakiacha. Akasema kinasaidia.

Kisha akauliza, uso ukiwa kwenye mto: "Watu, alikuuliza mara ngapi?"

"Tatu."

Akainua uso kutoka kwenye mto.

"Yeye harudii swali lililojibiwa sawa."

Nikamuuliza: alikuwa ananionya kwamba ni wanne, au alikuwa ananiomba ruhusa ya kumchukua wa nne? Mjomba akasema hajui. Mwenyewe aliulizwa mara mbili siku moja, akajirekebisha, na tangu siku hiyo hajakaribia ndege ile bila mwenzake.

Daktari ana maelezo yake. Anasema mtoto alikuwa ameshafariki kabla hawajaruka. Nesi anasema ndani ya gari, wakiingia uwanjani, aliyasikia mapigo ya moyo wake. Hayo nimewaachia wenyewe. Mimi dada sijamwambia chochote. Mdomo wote huu, na hilo limenishinda.

Sasa ana mimba tena, miezi saba. Juzi aliniuliza kama ile ndege nyeupe bado ipo. Nikamwambia imeuzwa.

Haijauzwa. Ndiyo pekee tuliyo nayo, na barabara bado ni saa zile zile. Jana jioni niliingia na spana nikitoe kile kiti, nikakichome. Boliti nne, kazi ya dakika kumi. Nikafungua tatu. Kwenye ya nne mkono ukasita. Nikawaza siku nikichoka tena, nikijibu ovyo tena, ni nani atakayenirudia swali?

Nikazikaza zote.