Sauti Nyuma ya Karatasi

Haya yalimkuta rafiki yangu Deus, mlinzi wa ghala huko Edmonton, Uingereza, na mpaka leo hapendi kuyasimulia.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha kujaribu bastola yake mpya ya upepo, aina inayoruhusiwa nchini humo. Ilimkaa mkononi kana kwamba alipimiwa. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi, hauna dirisha, na walikuwamo wawili tu: yeye na msimamizi, Ajay, Mhindi wa Mwanza.

"Taratibu, kaka," Ajay alimwambia.

Deus akafyatua. Tundu likatokea katikati ya karatasi ya shabaha, na nyuma ya karatasi hiyo mtu akaguna.

"Umesikia?"

"Nimesikia bastola. Huko nyuma ni ukuta mtupu."

Akapiga ya pili. Safari hii mtu alilia kwa uchungu. Deus alitaka kuacha, lakini utamu wa ile silaha ulimshika, akapiga ya tatu na ya nne. Kilio kikageuka mkoromo wa mtu anayepaliwa na damu. Akapiga ya tano.

Taa zikazimika. Gizani, miguu mitupu iliyolowa ikaja mbio kumwelekea, chap, chap, chap, kisha kitu kikampasua bega, akaanguka.

Ajay alipowasha tochi ya simu, hapakuwa na mtu mwingine.

Hospitalini Deus alidai kwamba risasi yake mwenyewe ilimrudia. Daktari akachokonoa jeraha, akatoa kitu na kukidondosha kwenye kibakuli cha chuma. Lilikuwa jino la mtu mzima, na mzizi wake ulikuwa bado na nyama mbichi.